Kisa cha Bilal (r.a.) kwa wanafunzi wa madrasa: kipi kina sanadi na kipi tukiache?

Mwalimu wa Yumbe

Assalaam alaykum warahmatullah, masheikh na ndugu zangu.

Darasa la Ramadhani hapa Yumbe lina dakika 20 kila siku baada ya alasiri. Wanafunzi ni wa miaka 10 hadi 16, Waaringa kwa Wanubi, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Bilal bin Rabah (r.a.) amepewa siku tatu. Kuna visa vinne ambavyo watoto tayari wanavijua kwa moyo: kwamba Bilal alitamka "as-hadu" kwa sin badala ya shin na sin yake kwa Allah ni shin, kwamba alipozuiwa kuadhini jua halikuchomoza, kwamba Abu Dharr aliweka shavu lake mchangani ili Bilal alikanyage, na kwamba Bilal akiwa Sham (nchi ya Syria na jirani zake) alimwota Mtume (s.a.w.), akarudi Madina akaadhini, na mji mzima ukalia.

Naomba kujua hali ya kila kimoja: kina sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, au hakina? Vikiondoka vyote, siku tatu zitajazwa na nini? Na mtu asiye na maktaba, mwenye simu tu mkononi, anahakiki vipi?

---

Abu Nusayba, Mbale

Waalaykum salaam, Ustadh. Kimoja kimoja.

Sin na shin: hakina asili. Al-Mizzi, mwanazuoni wa hadithi, alisema ni maneno yanayozunguka midomoni mwa watu wa kawaida, hayamo katika vitabu vyovyote, na mwanafunzi wake Ibn Kathir akasema vivyo hivyo. Hata bila kauli yao, hebu hesabu. Katika adhana ya Bilal "ashhadu" inakuja mara 4. Kwa swala tano ni mara 20 kwa siku, kwa takribani miaka kumi ya Madina, mbele ya masahaba waliopokea hadi mahali aliposimama Mtume alipoingia ndani ya Kaaba. Asipatikane hata mmoja aliyesimulia kwamba mwadhini alikuwa na kasoro ya herufi? Tena kilichothibiti ni kinyume chake. Abdullah bin Zayd alipoota maneno ya adhana, Mtume alimwambia amfundishe Bilal, kwa sababu sauti ya Bilal ni *andaa* kuliko yake, yaani inafika mbali zaidi na ni nzuri zaidi. Imo kwa Abu Dawud, namba 499.

Jua kutochomoza ni tawi la mti huohuo. Limetungwa ili kukipa kisa cha kwanza mwisho wake. Liache.

Abu Dharr: hapa kuna kiini sahihi kilichovishwa nguo za watu. Katika Bukhari (30) na Muslim (1661), Abu Dharr mwenyewe anasema alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume akamwambia kwamba ndani yake bado kuna ujahilia. Jina la Bilal halimo katika matini hiyo, yaani maneno yenyewe ya hadithi. Limekuja katika mapokezi mengine yenye sanadi dhaifu. Shavu mchangani halina sanadi inayosimama. Lakini tazama kile ambacho wasimuliaji wetu wanakiacha nje: hadithi inaanza na mpokezi aliyemkuta Abu Dharr katika kijiji cha Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa vazi la aina moja, akashangaa na kumuuliza kwa nini. Kisa cha matusi ndilo jibu la swali hilo. Abu Dharr aliambiwa amlishe anachokula na amvike anachovaa, na bado alikuwa akifanya hivyo Mtume akiwa ameshafariki. Kwa mtoto wa miaka 12, nguo mbili zinazofanana ni rahisi kuziona kuliko shavu.

Ndoto ya Sham: Ibn Asakir ameipokea katika historia yake ya Damascus kupitia mtu wa kizazi cha sahaba Abu ad-Darda asiyejulikana hali yake. Adh-Dhahabi amesema sanadi yake ni laini na kisa chenyewe ni munkari, yaani cha kukataliwa. Ibn Hajar amekwenda mbali zaidi, amesema dalili za kutungwa ziko wazi.

---

Mzee wa Jinja

Sheikh Abu Nusayba, tusiwe wepesi wa kufuta. Wazee wetu walitoa mawaidha kwa visa hivi kwenye maulidi na kwenye dua za misiba miaka na miaka, na nyoyo zikalainika. Wanazuoni wameruhusu hadithi dhaifu katika fadhila za matendo, ilimradi si halali na haramu.

---

Abu Nusayba, Mbale

Kweli Mzee wangu, wengi wameruhusu. Ila ruhusa hiyo ina masharti, na Ibn Hajar ameyataja matatu: udhaifu usiwe mkali, maana yake iingie chini ya msingi uliothibiti, na mwenye kuitumia asiitakidi kwamba Mtume ameisema. Ya sin na ya jua hayafiki hata sharti la kwanza, kwa sababu kisicho na asili hakiitwi dhaifu. Dhaifu ina sanadi yenye kasoro. Hii haina sanadi kabisa, hakuna hata cha kukosoa.

Ndoto ya Sham ndiyo unayoweza kujadiliana nayo. Anayeitaja aseme "imepokelewa kwa njia dhaifu" kabla ya kuanza, si baada ya watu kulia.

Kuna vingine vya kapu hili ambavyo vitakuja darasani mkifika kwa masahaba wengine. Umar kumzika bintiye akiwa hai: hakina asili. Abdurrahman bin Awf kuingia peponi akitambaa kwa sababu ya mali yake: Ibn al-Jawzi ameiweka miongoni mwa hadithi za kutunga, na mtu huyu ni katika kumi waliobashiriwa pepo. Tha'laba aliyenyima zaka: sanadi yake ni dhaifu sana, na kinambambika aibu mtu anayehesabiwa katika watu wa Badr. Alqama aliyeshindwa kutamka shahada kwa sababu ya mama yake: hicho nacho kiache, ingawa najua kinapendwa sana siku za harusi.

---

Binti Bombo

Ustadh wa Yumbe, usiogope siku tatu. Tatizo lako litakuwa kwamba dakika 20 hazitoshi.

Siku ya kwanza ni Makka. Ibn Mas'ud anawataja saba wa mwanzo kudhihirisha Uislamu: Mtume, Abu Bakr, Ammar, mama yake Sumayya, Suhayb, Bilal na Miqdad. Mtume alikuwa na ami yake, Abu Bakr alikuwa na ukoo wake. Waliobaki walivishwa deraya za chuma wakaanikwa juani. Wote waliwapa makafiri walichotaka kusikia, isipokuwa Bilal. Akafungwa kamba, akakabidhiwa vijana wamzungushe katika njia za Makka, naye anasema Ahad, Ahad. Hapo mwalimu aeleze jambo ambalo watoto huliuliza kila mara: je, wale wengine walikosea? La. Aliyelazimishwa na moyo wake umetulia kwa imani amesamehewa kwa aya ya 106 ya Sura An-Nahl. Usipolisema, mtoto anaondoka akimdharau Ammar, na umeharibu sahaba mmoja kwa kumsifu mwingine.

Kisha Abu Bakr alimnunua akamwacha huru. Bei yake usiitaje. Wapo waliosema ukia (kipimo cha uzito) 5, wapo waliosema 7, wapo 9, na wapo waliosema alibadilishwa kwa mtumwa mwingine. Kununuliwa kwenyewe hakuna shaka, Bilal mwenyewe amekutaja katika Bukhari, nitarudi hapo.

Siku ya pili ni adhana, na hii ifanywe kwa vitendo. Bilal aliamrishwa adhana kwa shufwa, maneno mawili mawili, na iqama kwa witiri, moja moja. Waambie wahesabu kwa vidole: takbiri 4, shahada mbili mara 2 kila moja, hayya mbili mara 2 kila moja, takbiri 2, tahalili (la ilaha illallah) 1. Ni 15. Iqama yake ni 11. Atatokea mtoto aseme kwao ni 19. Yuko sahihi, hiyo ni adhana ya Abu Mahdhura yenye tarjii, shahada zinatajwa kwanza kwa sauti ya chini halafu kwa sauti ya juu, na ndiyo wanayoishika Mashafii. Usimwache aonekane mjinga mbele ya wenzake.

Ramadhani ina hadithi yake pia: Bilal huadhini usiku, basi kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Umm Maktum (Bukhari 617). Waadhini wawili, mmoja kipofu asiyeadhini mpaka aambiwe kumekucha. Adhana ya kwanza ilikuwa ya kumwamsha aliyelala na kumrudisha aliyesimama katika swala apate daku.

Na siku hiyohiyo ya pili weka usiku wa kurudi kutoka Khaybar (Muslim 680). Hiki ndicho ningekifundisha hata kama ningepewa siku moja tu. Jeshi limechoka, Mtume anamwambia Bilal awakeshee. Bilal anaswali alichojaaliwa, alfajiri inakaribia, anaegemea ngamia wake uso ukielekea upande wa mapambazuko ili asikose kuyaona. Usingizi ukamchukua. Walioamshwa na joto la jua ni wote, na wa kwanza kuamka ni Mtume. Bilal akasema: kilichoishika nafsi yangu ndicho kilichoishika yako. Wakasogeza wanyama kidogo, wakatawadha, Bilal akakimu, wakaswali, kisha likaja agizo kwamba aliyesahau swala aiswali anapokumbuka. Mwadhini wa Mtume alilala, na kwa usingizi wake umma ukapata hukumu ya kulipa swala. Huoni mahali popote alipotukanwa.

Siku ya tatu kuna mambo matatu. La kwanza ni viatu. Alfajiri moja Mtume alimuuliza ni amali gani anayoitarajia zaidi, kwani amesikia mlio wa viatu vyake mbele yake peponi. Jibu: hakutawadha saa yoyote ya usiku au mchana ila aliswali kwa udhu huo alichojaaliwa (Bukhari 1149). Kwa kuwa darasa lenu liko baada ya alasiri, swali litakuja: tuswali sasa hivi? Mashafii wanaruhusu swala yenye sababu, na sunna ya udhu ni mojawapo. Wengine wanazuia wakati huo. Jiandae kabla.

La pili ni tende. Bilal alimletea Mtume tende za barni, nzuri. Alikuwa na tende mbovu, akatoa pishi mbili akapata pishi moja. Mtume akasema hiyo ndiyo riba yenyewe, usifanye, bali uza zako kwanza kisha ununue kwa ulichopata (Bukhari 2312). Pishi hiyo ni *sa'*, vibaba vinne, na kibaba ni mikono miwili ikijazwa. Tende kwetu si bidhaa ya kila siku, kwa hiyo tumia chumvi, nayo imo katika vitu sita vya riba katika hadithi ya Ubada bin as-Samit: dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende, chumvi. Kilo mbili za chumvi ghafi ya Katwe kwa kilo moja ya chumvi safi ya paketi, mkono kwa mkono, ni kosa lilelile la Bilal. Uza ya Katwe kwa shilingi, kisha nunua ya paketi. Usitumie mfano wa maharage kwa mahindi, maana ni jinsi mbili tofauti na kuzidishana kunajuzu ikiwa ni papo kwa papo. Walimu wengi huteleza hapo.

La tatu ni kuondoka kwake. Mtume alipofariki, Bilal alimwambia Abu Bakr: ikiwa ulininunua kwa ajili yako, nizuie, na ikiwa ulininunua kwa ajili ya Allah, niache na amali ya Allah (Bukhari 3755). Hadithi iliyo kabla yake ni kauli ya Umar, kwamba Abu Bakr ni bwana wetu na amemwacha huru bwana wetu, akimkusudia Bilal. Zisome pamoja.

Badr na kuuawa kwa Umayya bin Khalaf, aliyemtesa Bilal Makka, iko Bukhari (2301). Ni sahihi, lakini ni upanga na damu, na ndani yake kuna ahadi ya Abdurrahman bin Awf na Umayya inayohitaji maelezo marefu. Wape wa miaka 15 na 16 tu.

---

Kijana wa Kibuli

Shukran Hajati. Na adhana ya Bilal juu ya Kaaba siku ya Fathi Makka, Waislamu walipoifungua Makka? Iko kwenye kila kalenda ukutani.

---

Abu Nusayba, Mbale

Imepokelewa na matabii (waliokutana na masahaba, si na Mtume) bila kumtaja sahaba aliyeshuhudia, ndiyo inaitwa mursali. Ni mashuhuri katika sira, itajwe hivyo. Lenye nguvu zaidi siku hiyo ni kwamba Mtume aliingia ndani ya Kaaba pamoja na Usama, Bilal na Uthman bin Talha, mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa, Ibn Umar alikimbilia kumuuliza Bilal aliswali wapi. Kati ya nguzo mbili, akajibu. Ibn Umar anasema alisahau kuuliza ni rakaa ngapi. Mtu anayekiri alichosahau ndiye unayemwamini kwa alichokumbuka.

---

Karani wa Arua

Swali la simu halijajibiwa, nami nina uzoefu wa maandishi kuliko ilimu, basi niseme la kazi.

Usitafute kwa Kiswahili wala Kiganda wala Kiingereza. Utapata video 50 za mtu mmoja aliyenakili mwingine. Weka kibodi ya Kiarabu kwenye simu, andika maneno matatu au manne ya matini, si zaidi, kwa sababu neno moja likipishana riwaya hutapata kitu. Kwa hadithi ya viatu, "daffa na'layka" peke yake yanatosha. Tovuti ya Dorar as-Saniyya ina kisanduku cha kutafutia hadithi, na kila jibu linakuja na mpokezi, mwanazuoni aliyetoa hukumu, kitabu na namba. Maktaba Shamela inapakuliwa mara moja, baada ya hapo haikuli bando. Kwa sehemu zetu ambako mtandao unapotea na umeme, pakua ukiwa mjini.

Makosa ya kusoma hukumu ni haya. "Rijaluhu thiqat" (wapokezi wake ni waaminifu) haina maana kwamba hadithi ni sahihi, wapokezi wanaweza kuwa waaminifu na mlolongo ukawa umekatika katikati. "Sanadi yake ni sahihi" ni chini ya "hadithi ni sahihi". Na "Ibn Kathir kaitaja" si ushahidi hata kidogo: hiyo ya sin na shin kweli kaitaja, kaitaja ili aikatae! Soma mistari mitano mbele.

Namba nazo zinapishana kwa chapa. Namba za Bukhari zilizotolewa hapo juu ni za mpangilio wa Fat'h al-Bari, sherehe ya Bukhari ya Ibn Hajar, za Muslim ni za Muhammad Fuad Abdul-Baqi. Ukikuta hadithi nyingine kwenye namba hiyo, usimwite mwenzako mwongo, tazama chapa kwanza.

---

Mwalimu wa Yumbe

Allah awalipe. Mawili yamebaki. Mwaka wa kufa kwa Bilal nimekuta wa aina nne. Na miaka ya Hijria naibadilishaje kuwa ya Miladia kwa ubao wa madrasa?

---

Karani wa Arua

Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 20 H: 19.4 jumlisha 622, ni 641. Inaweza kupishana mwaka mmoja. Mfano Fathi Makka, Ramadhani mwaka 8 H, ni Januari 630, na hesabu itakupa 629 na kitu. Ukitaka tarehe kamili tumia jedwali. Anayeongeza 622 moja kwa moja atapata kitu kinachokaribia kwa zama za masahaba, lakini kwa miaka ya 1400 atakuwa amezidisha zaidi ya miaka 40.

---

Binti Bombo

Mashuhuri ni 20 H, Damascus, akiwa na miaka sitini na kitu, kaburi Bab as-Saghir. Wako waliosema 17, 18 na 21, na wako waliosema Halab (Aleppo). Andika 20 ubaoni na useme kwa mdomo kwamba kuna kauli nyingine.

Kabla hujaenda kwa wengine, tenganisha majina, maana hapo ndipo mitihani ya madrasa huanguka. Sa'd bin Abi Waqqas ni Mkureshi, mrusha mishale, katika wale kumi. Sa'd bin Mu'adh ni mkuu wa Aws, alikufa kwa jeraha la Khandaq. Sa'd bin Ubada ni mkuu wa Khazraj. Zayd bin Haritha ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina katika Qur'ani, Ahzab aya ya 37, naye alikufa Mu'ta mwaka 8 H. Zayd bin Thabit ni mwandishi wa wahyi aliyeongoza kazi ya kukusanya Qur'ani zama za Abu Bakr. Umm Salama ni mke wa Mtume, na Umm Sulaym ni mama wa Anas, aliyekubali Uislamu wa Abu Talha uwe mahari yake.

Njia rahisi: kila mtoto abebe sahaba wa jina lake. Asuman amsome Uthman, Hafuswa amsome Hafsa, Zaidi achague yupi kati ya wawili. Wengi hawajui kwamba Asuman na Uthman ni jina moja.

---

Mzee wa Jinja

Hilo la majina nimelipenda, binti yangu. Na Najashi wa Habasha? Huyu ni jirani yetu wa bara hili, watoto watamtaka.

---

Abu Nusayba, Mbale

Mtajeni Mzee, lakini si kama sahaba. Sahaba ni aliyekutana na Mtume akimwamini na akafa katika Uislamu. Najashi aliamini, akawapa hifadhi Ja'far na wenzake, ila hawakukutana. Alipokufa, Mtume aliwatangazia watu siku hiyohiyo, akawapanga safu na akamswalia kwa takbiri nne akiwa Madina. Ukitaka mwenye asili ya Habasha aliye sahaba pamoja na Bilal, chukua Umm Ayman, jina lake Baraka, mlezi wa Mtume na mama wa Usama bin Zayd. Yeye anahitaji siku yake peke yake.